Neno Lililooga

Jumatatu, 6 Machi
Siku nzima kwenye swali moja! Wiki iliyopita ofisi yetu ya kura za maoni iliwauliza watu kwa simu: kamari ya poka mtandaoni ihalalishwe? Wengi wakasema hapana. Wanaotulipa, wenye tovuti za poka, wanataka ndiyo. Bosi, Bwana Haldeman, anasema nifute "kamari". "Inanuka sigara, Tess. Nitafutie neno lililooga."

Jumanne, 7 Machi
Nimeandika: "Je, watu wazima waruhusiwe kucheza mtandaoni mchezo wa akili wa karata, chini ya usimamizi wa serikali?" Haldeman kapiga meza kwa furaha, simu za kuwauliza watu upya zikaanza papo hapo. Kanisifu mbele ya wote. Na mimi nikafurahi – acha nisijidanganye.

Poka ndiyo iliyovunja nyumba ya mdogo wangu Lenny. Mkewe aliondoka na mtoto. Sasa ni miezi kumi na moja hajaigusa. Kila Jumatano, kwenye mkutano wa wanaoacha kamari katika ukumbi wa chini wa kanisa, anasimama mbele ya wenzake: naitwa Lenny, mimi ni mcheza kamari. Anasema sentensi hiyo ndiyo inayomshika asirudi.

Alhamisi, 9 Machi
Wengi sasa wanasema ndiyo. Jimbo lile lile, mchezo ule ule! Redioni mbunge mmoja kataja "mchezo wa akili" kama kalizaa yeye. Ofisini keki. Sikula.

Jioni Lenny kanipigia, anacheka. Eti juzi kuna binti alimpigia kutaka maoni yake. "Kaniuliza kwa heshima, dada! Mchezo wa akili! Na mimi mwaka mzima najitukana mbele za watu." Jana mkutanoni hakusema ile sentensi. Kasema: naitwa Lenny, ni mchezaji.

Nikamuuliza kama amekula. Ningemwambia nini – kwamba neno ni langu?

Ijumaa, 10 Machi
Kwaresima. Foleni ya kununua pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, imetoka kanisani hadi barabarani. Lenny ndiye anayevikunja kila Ijumaa. Leo hakutokea. Padre kaniuliza aliko, nikaona aibu.

Mchana huu niko mlangoni kwake. Nimegonga.

"Dada? Subiri kidogo, namalizia mzunguko."

Nikapaza sauti: "Lenny, hiyo ni kamari!"

"Siku hizi haiitwi hivyo," kasema kwa upole, bila kufungua mlango.

Nimekaa kwenye ngazi, naandika, nalia. Ujumbe wa Haldeman umeingia: kwenye maswali yetu, neno "waraibu" nalo linatisha watu, nitafute jingine kabla ya Jumatatu.

Nimegonga tena. Ndani, kipanya cha kompyuta – ka, ka, ka.