Nguo za Zuhura za Mchezo wa Vita

Thamesmead, London

Dada yangu Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Nianze na wewe kabla sijaingia kwangu. Goti vipi? Bado linakuzuia kusujudu, au ile dawa ya kuchua aliyokuletea Shemeji imesaidia? Na presha unapima, au unangoja mpaka kichwa kizunguke ndipo umkumbuke daktari? Niambie ukweli, usinipe lile jibu lako la "mzima tu". Sisi huku tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi, alhamdulillah. Ila nimechoka, Dada, sikufichi. Wazee ninaowahudumia wamezidi kuwa wazito na mimi nimezidi kuwa mwepesi. Nikirudi nyumbani nakaa kwanza kwenye ngazi za chini, napumzika, ndipo napanda.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu mimi na wewe tumeshindwana. Nikimtaja mwanangu Zuhura tu, wewe unapandisha sauti, mimi nalia, tunakata bila kuagana. Basi nimeona niandike, na Mama Asha jirani yangu, anayekuja huko kwenye harusi ya mdogo wake, atakuletea mkononi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Ulisema Zuhura asitoke nyumbani kwangu mpaka aolewe, na akitoka bila radhi yako, wewe mkubwa wetu, asikuite tena mama. Nilimfikishia kama ulivyosema. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mlango ule ulikuwa umeshafungwa tangu tulipomzika baba yake, Mungu amrehemu. Anatoka kwenda kazini Tottenham, huko mwisho wa mji, anarudi, anakula amesimama, anaingia tena. Nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, neno moja au mawili. Chumba anachotaka kupanga na wasichana wenzake wa kazini kiko huko huko Tottenham. Mimi nilikuwa upande wako, Dada. Nilisema hapana kama wewe.

Sasa nikueleze kilichotokea, taratibu, usichoke kusoma.

Siku moja nilikuwa napanga nguo zilizokauka, nikafungua kabati lake niziweke. Nikakuta suruali ya jeshi. Ya mabakamabaka kabisa, mifuko mapajani. Unamkumbuka Mjomba Salehe alivyorushwa kichura barabarani na wanajeshi, mtu mzima na heshima zake, kwa ajili ya jaketi la mabaka alilonunua mtumbani? Nikasema mwanangu atakamatwa. Hata sikumngoja aje nimuulize. Nilishuka dukani nikanunua rangi nyeusi ya kuchovyea nguo, nikajaza maji ya moto kwenye beseni la kuogea, nikaitumbukiza suruali humo na mwiko juu yake.

Aliporudi akakuta beseni jeusi, mikono yangu myeusi, na suruali imekunjamana kama jani la mgomba lililoungua.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Na nani?"

"Na askari!"

Aliniangalia, Dada, mpaka nikaona haya. Kisha akakaa kwenye kifuniko cha choo akanieleza. Huku mtu yeyote anavaa mabaka, hata mtoto wa chekechea, hakuna wa kumuuliza. Na ile suruali aliinunua kwa ajili ya mchezo. Unaitwa airsoft. Watu wanakwenda msituni nje ya mji, wanagawanyika makundi mawili, wanapigana kwa bunduki za bandia zinazorusha vigololi vya plastiki, vidogo kama punje za choroko. Wenzake wa kazini walimchukua mara moja, akaupenda.

Nikamwambia mtoto wa Kiislamu na bunduki wapi na wapi. Akasema, "Mama, ni mchezo. Kule ndipo mahali pekee ambapo sifikirii." Hakusema hafikirii nini. Na mimi sikuuliza, maana nilijua.

Basi Jumamosi nikamwambia twende nikakulipie suruali niliyoiharibu. Tukaenda Tooting, kuna duka la nguo za kazi na za milimani, la mzee mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza. Aliponisikia namgombeza Zuhura mlangoni akacheka. "Hiyo sauti ya Tanga hiyo! Karibu mama, gombeza ukiwa ndani, nje baridi."

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye makoti mazito. Niliona kama kutakuwa na kupigwa, avae nene. Nikamvika sweta, juu yake sweta, juu yake koti la manyoya. Zuhura akasimama mikono imemtanuka kama mtoto anayekwenda kupigwa sindano.

Yule mzee akasema, "Mama, binti atakimbia huyu, hatakaa kwenye kiti kama mimi. Baada ya dakika chache atakuwa ameiva. Mvike nyepesi, kisha nyepesi nyingine juu. Akiona joto avue moja. Na ya chini isiwe pamba, pamba inalala na jasho, akisimama tu baridi inamwingia mgongoni."

"Na hivyo vigololi vikimpiga?"

"Vitauma kidogo. Vitamkumbusha ainamishe kichwa."

Akamtolea suruali pana, rangi ya udongo, haina baka hata moja, nikashusha pumzi. Magotini ina mifuko ya kuingizia pedi. Akamwambia, "Chuchumaa. Sasa piga goti. Sasa panda hicho kistuli." Zuhura akafanya yote katikati ya duka na watu wanapita. "Suruali isiyokuacha uchuchumae hiyo ni ya kupigia picha," mzee akasema. Mimi nikaongeza kwamba isimbane nyuma, maana kuna wanaume huko. Zuhura akasema "Mama!" mpaka wateja wakageuka.

Buti alimpa zile zinazopanda juu ya kifundo cha mguu, akampa na soksi nene avae nazo hapo hapo dukani kujaribu. Msituni, alisema, mizizi inavunja watu wengi kuliko vigololi. Glavu nyembamba, ili kidole kihisi kinachoshika. Kisha miwani na barakoa. Hapo hakutania tena. Alisema nguo mtu anaweza kukosea, lakini macho hapana, na akiwa uwanjani asiivue kwa sababu yoyote ile, hata jasho likimwingia, hata asione mbele. Ainamishe kichwa, atoke nje ya kamba, ndipo avue.

Tukarudi nyumbani tukagundua shida nyingine. Hijabu yake ya kufunga kwa pini haikai na ile barakoa. Mkanda unateleza, pini inamchoma kwenye sikio, na pembeni panabaki upenyo. Nilitoa cherehani yangu chini ya kitanda, nilikuwa sijaigusa tangu baba yake alipoanza kuugua. Nikamshonea ya kuvaa kama soksi, bila pini, kwa kitambaa kile kinachovutika cha nguo za mazoezi. Mshono nikaugeuza nje usimkwaruze kwenye vipanda vya uso, na shingoni nikashusha ndefu iingie ndani ya fulana, kwa sababu alisema shingoni ndipo kigololi kinapouma kuliko kote.

Akataka kujua kama miwani itashika ukungu. Maharage yalikuwa yanachemka. Akavaa kila kitu, buti na glavu na barakoa, akainama juu ya sufuria. Miwani ikawa nyeupe pepe. Akaanza kupapasa jiko, "Mama, uko wapi?" nami nikamshika mkono asijiunguze, na nikasikia anacheka mle ndani ya barakoa. Dada, nilikuwa nimesahau anachekaje. Tukapaka kioo dawa aliyotupa yule mzee, tukarudia. Maharage yakaungua chini, tukala hivyo hivyo.

Alipokwenda kucheza tena nikamwambia nakuja. Nilitegemea atakataa. Akasema tu, "Vaa viatu vya matope."

Tulikwenda kwa treni, kisha wenzake wakatuchukua kwa gari. Msitu wenyewe mdogo, miti myembamba, tope jingi. Watazamaji tunakaa nyuma ya kamba chini ya turubai. Mimi na chupa yangu ya chai na tasbihi. Nilikaa nikiwaangalia watu wazima, mmoja nadhani umri wangu, wanajificha nyuma ya mapipa. Nilimjua Zuhura kwa hijabu niliyoshona. Alikuwa peke yake nyuma ya gogo, kifudifudi kwenye majani, hakuna mwenzake karibu wala adui anayemtazama. Mara nikaona ameshtuka bega. Akainuka, akanyoosha mkono juu, akaanza kutembea ameinamisha kichwa.

Dada, mimi nilijua ameumia. Mtu anayenyoosha mkono juu na kuinamisha kichwa kwetu ni mtu anayeomba msaada. Niliacha chai ikamwagika, nikapita chini ya kamba, nikakimbia. Na miguu hii! Nikasikia watu nyuma wanapiga kelele, filimbi inalia, sikuelewa neno. Macho yangu wazi kabisa, sina miwani, sina chochote, vigololi vinapita vinagonga majani.

Zuhura aliinua kichwa akaniona. Alikuja mbio hata sijawahi kumwona akikimbia vile. "Mama, macho! Fumba macho! Mama, fumba!" Kwa Kiswahili, Dada, kwa sauti ya baba yake kabisa. Akanifunika uso kwa glavu zake mbili, akanikumbatia kichwa kifuani, akawapa mgongo wale wengine. Nikasikia kimoja kikimgonga mgongoni, tap. Akanitoa hivyo hivyo, nikitembea kinyumenyume, mpaka nje ya kamba. Na hata pale hakuvua barakoa mpaka aliponikalisha.

Akanigombeza. Akanigombeza kama wewe unavyonigombeza, mkono kiunoni. "Wangekutoboa jicho! Ungefanya nini bila jicho? Nani angekuangalia, mimi niko kazini siku nzima?" Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, na kijana wa filimbi akatuletea viti, maskini, hajui aangalie wapi.

Nilipotulia nikamuuliza, sasa ule mkono ulikuwa wa nini. Akaniambia ndiyo sheria. Kigololi kikikugusa, hata kama hakuna aliyeona, unanyoosha mkono mwenyewe na unatoka. Yule wa filimbi hahesabu nani kapigwa. "Wapo wanaonyamaza?" nikauliza. "Wapo," akasema. "Mimi siwezi."

Nimelifikiria neno lile kwenye treni mpaka tukafika, na nimelifikiria kila siku tangu hapo nikiwageuza wazee wangu kitandani. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, hakuna jicho juu yake ila la Mungu, na alinyanyuka akanyoosha mkono. Sisi tulimfundisha hivyo, Dada, wewe na mimi na marehemu. Basi tunaogopa nini?

Jioni ile, baada ya Maghrib, alinikanda miguu kwa mafuta. Alikuwa hajanikanda miguu tangu akiwa mdogo. Akasema hatatoka bila radhi yako. Kama utasema hapana, chumba atakiacha, atabaki na mimi, atapanda treni zake. Alisema bila kununa. Lakini nilimwona uso, Dada. Anachoka mno na zile safari, anasinzia na kijiko mkononi. Mtoto wa miaka yake asinzie na kijiko mkononi kama mimi? Nikibaki naye hapa kwa nguvu, nitakuwa na mwili wake tu. Mlango utafungwa tena.

Sikudanganyi, nitaumia. Nyumba hii itakuwa kubwa kwangu. Nitarudi kutoka kazini nisikie jokofu tu linanguruma. Nimeomba istihara, Mungu anionyeshe njia, na kila nikiomba moyo wangu unatulia upande ule ule. Mimi nimeshampa radhi yangu. Nilimwekea mkono kichwani nikamsomea Fatiha, naye akaubusu mkono. Imebaki yako. Wasichana anaokwenda kukaa nao nimewaona, mmoja anaswali, mwingine anakwenda kanisani kila Jumapili, wote wana adabu. Ijumaa atakuwa anarudi kulala kwangu, hilo kaahidi mwenyewe, sikumlazimisha.

Nisalimie Shemeji Bakari, mwambie ile redio nimeshaipata, Mama Asha anayo kwenye begi. Nisalimie Shangazi Fatuma wa Chumbageni, aniombee dua mgongo. Mwanao Hamisi na mkewe, wanibusie mjukuu wetu. Na Bi Saumu anayekuuzia maandazi, kama bado ananikumbuka. Zuhura anakusalimu, ameandika jina lake hapo chini kwa mkono wake, na alitaka kuandika zaidi akaona haya.

Wenye chumba wanamngoja mpaka mwisho wa mwezi. Dada, kaa na haya, swali, kisha unijibu upesi tafadhali.

Mdogo wako,
Mwanaidi, Mama Zuhura

Na mimi mwanao, Zuhura