Kabati la Juu ya Sinki

Mama,

Makabati tayari, na jiji zima la Tampere halina fundi wa kunifikia. Usishike milango, rangi bado mbichi. Bibi anakuja kunywa kahawa saa nane. Mpe vikombe vya kawaida, na usifungue lile kabati la kukaushia vyombo, la juu ya sinki.

Haya, nieleze. Asubuhi niliona halina ubao wa chini, nikamcheka fundi wa zamani, nikapigilia wangu. Nikapanga humo vyombo vilivyotoka kuoshwa vichuruzike kama kawaida. Kumbe uwazi ule ulikuwa wa maji kudondokea sinkini; yakakosa pa kwenda, ubao ukang'oka, na vikombe vya harusi ya Bibi vikavunjika vyote sita.

~~Paka wa jirani ndiye aliyevisukuma.~~

Nimefuta. Bibi kafika mapema, yuko nyuma yangu anasoma.

“Aatos, paka hapigi misumari. Asubuhi nilipita nikakuona dirishani.”

Mwanao