Tulikuwa wa Pili, na Nyumba Ikawa Yetu

Dada yangu Tabitha uliyetangulia,

Mama ana nyumba. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda kuzungushwa. Ungesema, "Salamu baadaye, Ruthi, nipe habari." Basi habari ndiyo hiyo. Mama ana nyumba ya matofali pale Kitale, ina jiko la ndani na mparachichi nyuma, na hakuna tena mtu wa kumgongea mlango kumwambia ahame. Bwana asifiwe!

Nakuandikia kutoka chumba chetu cha Deira, huku Dubai, nyuma ya Al Rigga, nimekaa kwenye kitanda chako. Wenzangu wamekwenda zamu. AC bado inanguruma vilevile kama ulivyoiacha, na bado inampulizia usoni yule wa juu.

Unakumbuka siku niliyofika? Ulinipokea ukiwa bado na sare ya hoteli, ukanileta hapa, ukaenda kuoga. Mimi nikataka kuonyesha kwamba sikuja kuwa mzigo, nikaanza kusafisha. Kwenye mguu wa kitanda cha Mfilipino mmoja nikaona kipande cha kitenge kimefungwa. Nikakifungua, nikafutia vumbi la dirisha. Mara akaingia Nakato, yule Mganda wetu, akapiga kelele mpaka nikadhani kuna nyoka.

"Nyabo! Umenitoa kwenye laini!"

Ulitoka bafuni na povu kichwani ukacheka mpaka ukakaa chini. Ndipo ukanieleza desturi ya chumba. Kitanda cha chini hakigombaniwi. Mwenye kukilalia akiwa bado yupo, unamwambia mbele ya wenzake kwamba unataka kuwa nyuma yake. Akikubali, unafunga kitambaa chako mguuni. Humsukumi wala humuulizi kila siku anaondoka lini. Lakini siku akiondoka, kitanda ni chako, hata aje mgeni wa madam mwenye chumba. Na wa nyuma ni mmoja tu.

"Na asipoondoka?" nikakuuliza.

"Basi utalala juu kama unavyolala sasa. Umepoteza nini, kitambaa?"

Jioni hiyo nikafunga changu kwenye mguu wa kitanda chako, kile cha bluu kilichokatwa kwenye leso ya Mama.

Nakumbuka pia Ijumaa zetu baada ya ibada, tukinywa chai ya maziwa kwenye kile kiduka cha kona, wewe ukichora nyumba ya Mama kwa kidole juu ya meza. Jiko lazima liwe ndani. Mlango wa mbele uwe na kufuli lake mwenyewe. Ulikuwa ukimwonea uchungu kwa kuhamahama kwake, godoro moja, Biblia moja, kila mara chumba cha mtu mwingine. Ulisema hutakufa kabla hajapata pake. Hilo Mungu alilipanga vingine, na mimi sikumuuliza sana, nililia tu.

Ulipougua ukarudi nyumbani, na baadaye habari zikaja, nilishindwa kuhamia chini. Kitanda kikakaa kitupu, kitambaa changu kikining'inia. Ni Nakato aliyeniambia, "Lala pale. Tabitha alikukubali mbele yetu sote." Nikalala. Kitambaa sikukifungua.

Sasa sikia mambo ya nyumba. Mwaka huu mwenye chumba alichopanga Mama alimwambia tena ahame, mvua zikiisha. Katika kutafuta chumba akaiona hii, ya muuguzi mstaafu, Mama Selina, anayeiuza ahamie kwa mwanawe. Mama alinipigia simu. "Ruthi, ina kila kitu alichokuwa akisema dadako." Lakini kulikuwa na bwana mmoja ametutangulia. Alikuwa ameshakubaliana bei na kutia sahihi, akingoja mkopo wa benki.

Nikampigia dalali. "Hiyo imekwenda, dada. Sahau. Nitakutafutia nyingine kule chini kwenye maji."

Sikusahau. Mama alikwenda kwa wakili, mama mmoja mpole anayeimba naye kwaya, nami nikaongea naye kwa kadi ya simu. Akaniambia mwenye nyumba anaweza kupokea ofa ya pili, ya kukaa nyuma ya ile ya kwanza. Inaandikwa na kutiwa sahihi kabisa, bei ikiwa imeshapatanwa. Yule wa kwanza akikamilisha, sisi hatuna dai na hatujatoa kitu. Akijitoa, au siku zake zikipita, na mapatano yake yakavunjwa kwa maandishi, papo hapo sisi tunakuwa wa kwanza, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kuanza kutafuta wanunuzi upya. Sisi nasi tusikae bila maandalizi, kwa sababu tukiitwa ni lazima tutimize. Na tuweke siku ya mwisho, ili tusifungwe hapo milele. Kabla ya kuitwa, tukipata nyumba nyingine tunaweza kujitoa, mradi tumjulishe.

"Kumbe ni kitambaa kwenye mguu wa kitanda," nikasema.

"Ni nini?"

"Endelea tu, wakili. Nimeelewa."

Mama Selina akakubali, Mama akatia sahihi. Dalali alicheka sana. "Dada wa Dubai, unanunua nyumba au unanunua kungoja?"

Nilimjibu kwamba huku Dubai kungoja nimesomea.

Lakini dada, kungoja kule kulinitesa kwa upande wa maombi. Kila Ijumaa nilipiga magoti nikakosa neno. Nimwombe Mungu nini? Benki imnyime yule bwana? Naye si ana mama, pengine? Mwishowe nikapata ombi langu: "Kama ni yake, Baba, mbariki aingie kwa amani. Kama ni yetu, utukute tayari." Basi nikawa tayari, akiba ya nyumba sikuigusa. Kila rafiki aliyenijia na biashara zake nilimwambia khalas, sina. Dalali naye alimpeleka Mama kuona ile nyumba ya kwenye maji. Mama akarudi na viatu mkononi, akasema yeye si bata.

Kisha simu ikalia nikiwa kwenye chumba cha mashuka pale hotelini. Dalali. Sauti tamu kama halua.

"Dada Ruthi, yule bwana amehamishwa kazi, anakwenda Pwani. Amejitoa. Sasa kuna mtu wa Eldoret ameipenda sana nyumba, anatoa zaidi. Wewe ongeza kidogo tu, nikupiganie."

Nilisimama pale kati ya mataulo nikakukumbuka na povu lako kichwani. Wa nyuma ni mmoja tu.

"Bei iko kwenye karatasi," nikamwambia. "Na wa pili ni sisi."

"Karatasi ni karatasi, dada."

"Basi mwambie wakili hivyo."

Hakumwambia. Alikimbilia kwa Mama Selina mwenyewe. Naye, Mama ananisimulia, alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. "Nilitia sahihi nikiwa na akili zangu. Baada ya yule bwana ni Mama Tabitha."

Umesikia hapo, dada? Hakusema Mama Ruthi. Nyumba imeingia kwa jina lako.

Siku Mama alipokabidhiwa funguo alinipigia akiwa ndani ya jiko. Hakusalimu. Alifungua bomba nikasikia maji, kisha akapiga vigelegele. Nami nikapiga huku, Nakato akapokea, chumba kizima kikapokea, hata wasiojua tunashangilia nini. Mlinzi wa jengo akaja kugonga, amekasirika. Nakato akamfungulia, akamwambia, "Mama amepata nyumba!" Mzee wa watu akasema, "Mabruk, mabruk," akaenda zake akitabasamu.

Narudi nyumbani, dada. Mkataba wangu unaisha na sitausaini tena. Kuna mgeni wa Nakuru analala juu yangu. Wiki hii aliniomba nafasi ya nyuma, kwa haya, nikamkubali mbele ya wote. Leo ndiyo nimefungua kile kitambaa cha bluu ili chake kikae peke yake. Kilikuwa kimekauka kikashika umbo la fundo. Nimekiweka kwenye Biblia, kitakwenda Kitale.

Mama amenunua vitanda viwili kwa chumba changu, vyote vya chini. Nilimwambia kimoja kinatosha.

"Kimoja ni chako," akasema. "Kingine ni cha mwenye nyumba."

Pumzika, dada. Mama ameshafika kwake.

Mdogo wako,
niliyekuwa nyuma yako