Walipanda Sita, Vikarudi Vibati Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujaanza kunihurumia nakuambia sipendi kuhurumiwa, nina miaka sabini na miwili, nimesoma hadi darasa la tatu tu lakini hesabu yangu hakuna aliyewahi kuikosoa, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu siwezi kumpa mtu aniandikie, utaona mwenyewe kwa nini. Ukurasa wako nausoma kila wiki na mara nyingi nakuona unawabembeleza watu wazima wanaolilia mambo ya kitoto, mume kanuna, wifi kasema. Langu si la kununa.

Mimi nilifanya kazi mgodini, chumba cha vibati. Wewe mtu wa magazeti huenda huyajui haya, kwa hiyo sikiliza. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake kidogo cha duara, kimetobolewa tundu na kupigwa namba. Vibati vyote vilikaa kwenye ubao wenye misumari. Anayeshuka anachukua chake, anakwenda nacho shimoni, akitoka anakirudisha kwenye msumari wake. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu chini. Ndiyo hesabu yenyewe, haihitaji chuo kikuu. Baruti hailipuliwi mpaka ubao ujae, na wa kusema umejaa nilikuwa mimi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume mia mbili, na hakuna aliyethubutu kunichezea.

Mgodi ulifungwa zamani. Malori yakaondoka, msitu ukarudi, shimo kubwa likajaa maji ya kijani, na siku hizi watu wa mjini wanakuja na mabegi mgongoni kama konokono, wanatembea kwenye barabara za malori na kulala kwenye mahema kando ya yale maji. Sisi tulipanda kule kwa shida, wao wanapanda kwa kupenda. Anayewaongoza ni mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, wanamwita Miguu maana hachoki. Mwaka wa kwanza alikuwa anawapoteza kwenye ukungu, mmoja alikutwa kesho yake amekumbatia mti kama mamaye. Nikamwambia, "We mtoto, watu hawahesabiwi kwa macho." Nikautoa ubao wangu wa zamani, nikautundika kwenye kibanda cha getini, nikatengeneza vibati vipya, moja hadi thelathini. Tangu hapo hajapotea mtu.

Mwezi uliopita walipanda sita. Wakarudi saa tisa alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kibanda, wakatundika vibati vyao wakaenda kunawa. Nikahesabu, saba. Nikahesabu kwa kidole, saba. Cha saba kilikuwa namba sitini na moja, na hakikuwa cha kutengenezwa na mimi, kilikuwa kile cha kampuni cha kupigwa kwa mashine, kimetundikwa kwenye msumari wake ule ule wa zamani, kina udongo mwekundu kwenye tundu, na nilipokishika kilikuwa na joto kama kimetoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

Sasa nakuambia jambo ambalo mume wangu amezikwa hajalijua. Miaka thelathini na minne iliyopita kulikuwa na mchimbaji, kazini tulimwita kwa namba yake, Sitini na Moja, mtu wa mizaha, na alikuwa na tabia ya kwenda nyumbani na kibati mfukoni. Mara tatu amenifanyia hivyo na mara tatu msimamizi amenifokea mbele ya wanaume, "Mama, kama hesabu imekushinda rudi jikoni." Mimi! Hesabu! Basi nikachonga kibati cha akiba cha sitini na moja, kwa nyundo na ncha ya msumari, nikakiweka kwenye droo. Siku hiyo walikuwa wanalifunga handaki la mashariki kwa baruti maana lilikuwa bovu. Zamu ikatoka, msumari mmoja mtupu, wake. Nikasema mpumbavu huyu kaondoka nacho tena. Sikutuma mtu akamtafute, nikatundika kile cha akiba, msimamizi akachungulia akaona ubao umejaa, akapiga king'ora, na mlima ukatikisika mpaka vibati vyote vikacheza.

Asubuhi hakuja. Watu wakasema katoroka, maana wiki ile alikuwa amegombana na mkewe mtaa mzima ukasikia. Mimi ndiye niliyefungua chumba cha kubadilishia nguo, nikakuta viatu vyake vya nyumbani chini ya benchi, nikaviondoa, nikaendelea na kazi.

Mkewe ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni mshona nguo, na siku hizi ndiye anayeshona mahema ya Miguu yakichanika. Mwanawe, fundi wa magari, amekataa katakata jina la baba yake kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, amesema mtoro hana ukoo. Juzi tumekaa kibarazani kwake, hema liko magotini mwake, akaniambia, "Dada, hema hili limechanika kama ndoa yangu."

"Shona, acha maneno."

"Si ninashona! Ndoa ndiyo haikushoneka. Yule bwana angeniaga tu, ningemkunjia na nguo."

Akacheka. Huwa anacheka hivyo, halafu anatia uzi kwenye sindano. Miaka thelathini na minne nasikia kicheko kile kupitia ukutani.

Kile kibati nilikifungia kabatini kwangu na ufunguo nikautia kifuani. Safari iliyofuata walipanda wanane, vikarudi vibati tisa. Nikaenda nyumbani mbio, kabati limefungwa kama nilivyoliacha, ndani hamna kitu. Safari ya tatu nikasema leo sibanduki, nikaweka kiti mbele ya ubao tangu saa saba. Wakaja watano, nikawaona kwa macho yangu wakitundika mmoja mmoja, kijana mmoja akaniomba maji, nikageuka kumimina, nikarudi, sita. Halafu mama mmoja wa mjini, mtu mzima, mwenye miwani, akaniuliza, "Bibi, yule mzee wa nyuma naye ni wa kwenu?"

"Mzee gani?"

"Anayetembea mwisho. Tulidhani ni msaidizi wa Miguu. Hasemi sana."

Nikamuuliza, kwani alisema nini hata hicho kidogo.

"Aliniuliza kama mama wa ubao bado amemtunzia viatu."

Mshauri, habari ya viatu hakuna aliyekuwa anaijua. Hakuna. Viko kwenye sanduku chini ya kitanda changu, nilitaka kuvichoma nikashindwa.

Sasa mvua zimebomoa mlima na mdomo wa handaki la mashariki umefunguka, mtu anapita kwa kuinama, na Miguu anataka kuwaingiza wanafunzi ishirini na wawili Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimemkataza. Ameniuliza kwa nini, nimemjibu kwa sababu nimesema. Amecheka na kuniambia, "Bibi, siku hizi unaogopa hata giza." Nikisema, jirani nimempoteza, na mjukuu atanitazama kama nyoka aliyekutwa kwenye kitanda cha mtoto. Nisiposema, Jumamosi ndiyo hiyo. Usinitume kwa mganga na usiniambie nisali tu, kusali najua. Nijibu kwa maneno ya kueleweka: nife nalo, au nilitapike?

Mimi, Bibi wa Ubao.

JIBU

Bibi wa Ubao, shikamoo. Hupendi kuhurumiwa, basi huruma nitampa yule mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyefokewa mbele ya wanaume mpaka akauogopa msumari mtupu kuliko kifo cha mtu. Huyo namwelewa. Sote tumewahi kuziba pengo haraka haraka ili mkubwa asilione.

Ninayeshindwa kumwelewa ni yule wa asubuhi iliyofuata. Umeandika kurasa nne za vibati, na habari ya kuviondoa viatu ukaipa mstari mmoja. Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Kibati cha akiba kilikuwa kosa, kosa la kiburi, lakini kosa. Viatu havikuwa kosa, Bibi. Ulipovishika ulijua, maana mwanamume hatorokei mjini na buti za mgodi akaacha viatu vyake chini ya benchi. Huenda alikuwa bado anapumua nyuma ya yale mawe, huenda alikuwa ameshamaliza, hilo hatutalijua kamwe, na hatutalijua kwa sababu mtu pekee ambaye angesema "chimbeni" hakusema. "Nikaendelea na kazi." Maneno hayo ni yako, mimi nimeyanakili tu.

Tena acha kujificha nyuma ya mjukuu. Unasema unaogopa atakutazama vipi. Na huyo mshonaji ametazamwaje miaka yote hii? Ameitwa mwanamke aliyekimbiwa, amejifunza kujicheka kabla hajachekwa, na wewe umekaa kibarazani kwake unamwambia aache maneno. Mtoto wake amekua akimchukia marehemu. Umewanyima hata kilio. Mtu akifiwa analia na kupewa pole. Wao wamepewa aibu, na pole yao umeikalia wewe.

Unataka nikuambie ni nani anayetembea nyuma ya wageni wenu. Sijui. Ningeweza kusema kwamba mlima ulipobomoka tope lilikitoa kibati nje, mtembezi akakiokota na kukitundika kwa adabu, na kwamba kabati lako lina mlango mbovu. Nusu ya wasomaji wangu wataridhika. Lakini lile swali la viatu sina maelezo yake. Nimelisoma mchana kweupe, ofisini, watu wamejaa, nikahamisha kiti changu nikaegemea ukuta. Ila nakuambia hivi: awe nani awaye, hajamgusa mtu, hajamtisha mtu, hata sauti hajapandisha. Ameuliza habari ya mali yake, basi. Wewe ndiye unayetetemeka, na unatetemeka kwa sababu ana haki.

Na hukuniomba nikufiche usitambulike. Ubao wa namna hiyo hauko pengine, na jirani yako anajua kusoma. Nadhani ulitaka gazeti liseme ili mdomo wako upone. Sitakufanyia kazi hiyo. Jibu hili limekufikia kwa bahasha, na hapa ukurasani haliingii mpaka uniandikie kwamba umeshasema. Wanaolisoma leo gazetini wajue kwamba barua ya pili ya Bibi ilikuja. Ilikuwa ya mistari miwili na haikuwa na kelele.

Sasa sikiliza kama mlivyosikilizana mgodini. Bahasha hii ukiimaliza, mwite Miguu umwambie yote, yeye wa kwanza, na viatu avione. Usimwambie "nimesema", mwambie kwa nini. Akikutazama kama nyoka, tazamika. Lile handaki hakanyagi mtu, wala yeye mwenyewe. Lina marehemu ndani na mlima haujatulia, na wanafunzi wa watu si wa kupeleka kwenye kaburi ambalo halijasomewa hata dua. Kisha, siku hiyo hiyo, kabla habari haijavuka ukuta, nenda kwa jirani. Nenda peke yako. Usichukue wazee wa kukuombea radhi, usichukue zawadi. Chukua viatu. Kibati kikiwa hapo ubaoni, kichukue nacho. Kama hakipo usikitafute.

Baada yake nenda ofisi ya wakaguzi wa migodi na polisi, ukaeleze handaki, siku, zamu, na jina la msimamizi kama yu hai. Kama mtu atachimbwa au ataachwa alale alipo, hiyo si ya kwako kuamua, ni ya mkewe na mwanawe. Wakikufukuza, fukuzika. Wakitaka kukushitaki, usijifanye mzee wa kusahau. Umesema mwenyewe hesabu yako haina dosari. Na kama jirani hakusemeshi tena mpaka kufa kwake, kaa nyumbani kwako uone ukuta unavyokuwa kimya. Yeye amekaa na kimya kirefu zaidi.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo zito. Usianze na "nisamehe". Msamaha ni haja yako, na haja zako zimekaa mstari wa mbele muda wa kutosha. Usianze na msimamizi, wala baruti, wala ukungu. Akishafungua mlango, kabla hajakuvutia kiti, mwambie: "Mumeo hakukuacha. Zamu ilikuwa imekwisha, alikuwa anarudi nyumbani."