Faili Mgongoni

Uvira, Jumatano

Mpaka wa Burundi umefungwa tena. Nimeitangaza habari hiyo redioni. Sikusema kwamba Anita, mtoto tunayehangaikia kumwasili mahakamani awe mwanetu, mwaka wa tatu sasa, yuko ng'ambo, Bujumbura.

Risasi zilipolia asubuhi, mimi nilikamata kinasa sauti. Furaha, mke wangu, alilifunga faili la mahakama mgongoni kwa kitenge. Likipotea, tunaanza upya.

Jirani akamtania njiani: "Mama Anita, mutoto iko analia?"

"Iko analala. Weye kimbia!"

Nimeripoti vita miaka ishirini, sijawahi kuogopa hivi. Je, Anita akitusahau?

Tuliporudi, Furaha alizipitia karatasi moja moja. Zote zipo. Kitenge hakukikunja, amekitundika mlangoni.