Nimeogelea Ugiriki, Kaka Ntandu

Kaka Ntandu,

Nimeogelea baharini. Tena si hii ya Dar, ni ya Ugiriki, kisiwani kabisa. Ungekuwepo ungesema nakupiga fiksi, halafu ungenitia konzi la utosi kama kawaida yako.

Waajiri wangu wa Dar walikwenda kuwasalimia ndugu wa yule baba, wakanichukua nimwangalie mtoto wao, Eleni. Kisiwa chenyewe kidogo, kijiji chetu cha Unyambwa kinakimeza. Ufukwe wote ni kokoto nyeupe zinazounguza nyayo, na maji yametulia mpaka unauona mguu wako chini. Wakanivisha miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Nikainamisha uso, nikaelea. Eleni akachungulia kwenye kioo changu, akanivuta sikio: "Dada, mbona umefumba macho?"

Nilicheka mpaka nikanywa maji. Nianzie wapi kumweleza mtoto wa Dar habari za Ziwa Singidani? Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea kule, na ulikuwa unanifokea kila siku: "Fumba macho, chumvi itakutoboa!" Sisi tuliokulia pale tunaogelea kama vipofu. Hata nyuma ya kioo nilifumba.

Basi nikafumbua. Kaka, samaki! Wekundu, wa mistari, wengine wembamba kama sindano. Na pweza kajikunyata kwenye tundu lake, ananikodolea. Nikalia humo humo ndani ya miwani, kwa sababu umekufa hujawaona.

Nilipotoka majini, mvuvi mmoja mzee alikuwa ameinama juu ya mwamba, pweza mkononi. Anamnyanyua, anambamiza kwenye jiwe. Paa! Anamnyanyua tena. Kumbe ndivyo wanavyomlainisha kabla ya kumchoma. Mimi nitajuaje, mtu wa bara? Nilichosikia ni nyama inayopigwa kwenye kitu kigumu, na hapo hapo nikajikuta tena kwetu Mkiwa, kituo cha mabasi.

Siku ile nilikuwa nimekaa pale kituoni nasubiri basi la Dar, nawe uko kando ya basi lililotangulia, unauza kuku wa kuchoma dirishani. Yule mama abiria akaweka simu yake kwenye beseni lako ili apekue mkoba, dereva akaondoa gari. Ukalikimbilia, simu umeinyanyua juu: "Mama, simu yako! Simu!" Na Shabani, muuza kuku mwenzako, Shabani aliyekula ugali kwetu, aliyekuonea kijicho kwa sababu abiria walikuwa wanakuita wewe kwa jina, akapiga yowe: "Mwizi!" Na yeye mwenyewe akaokota tofali la kwanza. Likakupata kisogoni. Wengine wakaja na marungu, na mateke, na mawe, watu wasiojua hata umeiba nini. Nikakulalia juu, wakanitupa kando kama gunia la alizeti. Walipochoka wakapangusa mikono. Simu ilikuwa bado kiganjani mwako, inaita.

Ndiyo maana nilimrukia yule mzee. Nilimng'ata mkono, kaka, mpaka nikaonja damu. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mwacheni! Siyo mwizi!" Ufukwe mzima ukaduwaa. Bosi wangu akaniombea radhi. Mimi sikuona aibu hata kidogo. Nilitaka kuua mtu.

Tumesharudi Dar. Sasa habari za nyumbani. Kila aliyeulizwa na polisi anasema kulikuwa na vumbi, hakuona. Mkiwa nzima imefumba macho. Ni kwa maelezo yangu tu Shabani ameshtakiwa kuua bila kukusudia, na yuko nje kwa dhamana. Shabani alimletea mama mbuzi, na wazee wakamsihi mama ayamalize kimya kimya: funika kombe mwanaharamu apite. Mama akawatoa mbio na mwiko wa ugali, mbuzi wa watu naye akala kipigo bure. Hilo lilinichekesha kwenye simu. Halafu Shabani akanitumia salamu, kwamba nikifungua mdomo mahakamani nitakufuata uliko. Nisipoenda, kesi inafutwa, hakuna shahidi mwingine. Mama ananisihi nisije. "Nimebaki na wewe tu," anasema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, siwezi kumlaumu. Na mimi naogopa, sikufichi.

Lakini nimeshakata tiketi. Kesho napanda basi, keshokutwa kesi inasikilizwa. Likisimama Mkiwa, Shabani atakuja dirishani na beseni lake, kama anavyoyakimbilia mabasi yote. Nitafungua dirisha, nimwite kwa jina, nimtazame mpaka ashushe macho yeye. Kisha nitakwenda niseme yote niliyoyaona, kuanzia tofali la kwanza na mkono uliolirusha.

Pumzika sasa, kaka yangu. Ile simu iliita, ikaita, watu wamesimama wanaitazama, mpaka ikanyamaza. Naenda kuipokea.

Mdogo wako