Nati Nane Ambazo Sikuzikaza

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, ile mvua ya Kisangani isiyo na haraka, na mimi nimeamka nikiwa na hasira na kila mtu mwenye miguu miwili. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa familia anayesoma ukurasa huu.

Nianze na kaka yangu, maana yeye ndiye rahisi. Faustin amenizidi miaka sita. Kwetu mkubwa anaitwa yaya, na maisha yangu yote nimemwita yaya Faustin, hata siku ambazo mdomo ulitaka kumwita jina lingine. Alirudi kutoka Kinshasa mwaka juzi na sanduku moja na sauti kubwa. Akaingia chumba cha marehemu papa, baba yetu, akakalia kiti cha papa, akaanza kutugawia ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ukoo ukakutana, ukamfanya mkuu wa nyumba. Mimi niliyemuuguza papa mpaka pumzi ya mwisho niliambiwa niwapikie wali.

Niliupika. Niliutia chumvi mpaka wakanywa maji ndoo nzima.

Papa alikuwa fundi kwenye karakana ya reli huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Nikitoka shule nilivuka kwa mtumbwi kwenda kumshikia taa na spana. Faustin alisema grisi inamharibia shati. Leo mimi ndiye ninayetengeneza magari ya watu hapa uani kwetu, na kwa miezi minane nimekuwa nikijijengea langu mwenyewe. Ni jeep ya zamani, iliyovunjika ekseli ya nyuma mara mbili kwenye barabara ya Ubundu nikiwa nimebeba mapipa ya mawese. Mara ya pili nilikaa porini siku tatu nikisubiri msaada, nimezungukwa na nzi na tope, na nikaapa kwamba sitairudia barabara ile na ekseli nyembamba kama kidole.

Tonton Selemani, mjomba wetu kwa heshima tu, mchomeleaji wa Lubunga aliyekuwa rafiki wa papa, alinitafutia ekseli mbili za kamioni, lori lililokufa zamani nyuma ya kiwanda cha kahawa. Nene kama paja la mtu. Tulizivusha mto kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mpiga kasia alitutukana kuanzia ukingo hadi ukingo. Zilikuwa pana kuliko gari lenyewe. Tukakata madigadi, tukachomelea upya vikalio vya springi, tukaongeza majani ya springi, tukainua bodi ili magurudumu yapate nafasi. Nina makovu ya moto mikono yote miwili. Sijawahi kupenda kitu namna ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Mchango wa Faustin ulikuwa kulalamika kwamba ua unanuka dizeli, na kuwaambia watu kanisani kwamba jeep yake inakaribia kutoka.

Yake.

Jumamosi tuliiweka ekseli ya nyuma mahali pake. Inashikwa kwenye springi kwa boliti nne zilizopindwa kama herufi U, kila boliti na nati mbili. Jumla nati nane. Nilizizungusha kwa vidole tu, kwa sababu hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa spana ndefu, na spana hiyo ilikuwa Lubunga. Tonton angeivusha leo Jumatatu. Kabla hajaondoka alinawa mikono, akaniangalia.

"Odette, toa betri. Batu wataona iko na magurudumu, watafikiri imeisha."

"Nitatoa, tonton."

Sikutoa. Mwanzoni ilikuwa uchovu, naapa. Nililala chali chini ya gari nikiangalia kazi yetu kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala. Hapo ndipo nilipomsikia Faustin barazani, anaongea kwenye simu na rafiki yake wa Kinshasa.

"Kesho usichukue taksi, eh? Mi njo nitakuya kukupokea Bangboka. Na jeep yangu."

Bangboka ndiko kwenye uwanja wa ndege, mbali na mji. Miguu yangu ilikuwa imetokeza chini ya gari, aliiona. Hakuniuliza kama gari limekwisha. Hakuniuliza kitu chochote.

Na mimi nikanyamaza. Makusudi.

Niliwaza kwamba atafika kwenye mashimo ya mtaa wetu, kitu kitagonga huko nyuma, atasimama na suti yake mbele ya watu wanaotoka misa, na watamcheka. Hiyo ndiyo picha niliyoingia nayo kitandani. Nililala vizuri sana.

Jumapili Mama alitoka mapema kwa miguu kwenda misa ya kwanza. Mimi nilikuwa bado nimejifunika shuka niliposikia injini ya jeep inawaka. Kutoka chumbani kwangu hadi getini ni hatua kama kumi na tano. Ningeweza kupiga kelele bila hata kuinuka.

Nilitabasamu.

Haikugonga mtaani. Nilikuwa nimeijenga vizuri mno, huo ndio uchungu wenyewe. Uzito wa gari uliishikilia ekseli, wakapita mashimo yetu yote, wakapita soko, wakatoka mjini. Nasema "wakapita" kwa sababu Faustin hakuwa peke yake. Mbele ya kanisa alimkuta Mama anatoka, akamwambia apande. Na Mama akapanda, maana Mama anapenda kuona ndege ikitua. Ana miaka sabini na mbili, hajawahi kupanda hata moja, lakini akifikishwa kwenye uzio wa uwanja husimama ameshika kifua kama binti anayesubiri barua.

Nati zililegea moja baada ya nyingine. Kwenye shimo moja kubwa ekseli ikarudi nyuma, shafti ikachomoka, bomba la breki likakatika. Jeep ikaingia mtaroni. Faustin alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mama amevunjika mkono wa kushoto.

Waliporudi kutoka hospitali, Mama akiwa na plasta ngumu hadi kwenye kiwiko, nusu ya mtaa ilikuwa imeshajaa uani kwetu. Faustin aliwasubiri majirani wakae vizuri kwanza.

"Muone ile kazi ya mwanamuke! Alikaribia kuua mama yake!"

"Nani alikupatia gari?" nikamuuliza. "Sema mbele ya batu. Nani?"

"Mi niko mukubwa wa hii nyumba. Niombe ruhusa kwa nani? Kwako?"

Nilimwita mwizi. Nilimwita mzigo. Nilisema papa angekuwa hai asingemwachia hata baiskeli yenye pancha. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa, na majirani wakashika midomo. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno nililirusha ili mtu yeyote asiangalie upande wangu.

Leo asubuhi tonton Selemani alifika na mvua, spana ndefu ameifunga kwenye nailoni. Habari alikuwa ameshaipata kule kivukoni. Aliangalia mahali jeep ilipokuwa inakaa, akaniuliza neno moja tu.

"Betri?"

Niliangalia chini. Aliiegemeza spana ukutani, akakataa kahawa, akarudi zake mtoni. Nilimchukia na yeye pia, kwa muda mrefu kama wa kuosha vikombe viwili.

Halafu Mama akaniita nimfungie kitenge, kwa sababu kwa mkono mmoja hawezi. Nikiwa nimepiga magoti mbele yake, nafunga fundo kiunoni, akaniwekea kiganja kichwani.

"Nimemwambia Faustin akuombe samahani. Alichukua kitu bila kuuliza, na akakutukana mbele ya batu. Si muzuri."

Kama angenipiga kofi ningeweza kuvumilia.

Nikamwambia. Nilibaki nimepiga magoti, nikaliambia lile fundo. Kwamba nilimsikia kwenye simu. Kwamba nilijua nati hazijakazwa. Kwamba nilisikia injini inawaka na sikuinuka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka nikafikiri labda Mama hakusikia.

"Ulijua mi niko ndani?"

"Hapana, Mama! Nilifikiri uko kanisani. Naapa."

"Yeye ulijua iko ndani."

Jibu la hilo nalitafuta tangu wakati ule mpaka sasa ninapoandika.

"Yeye njo mutoto yangu pia, Odette." Akauondoa mkono kichwani kwangu. "Wende umwambie wewe mwenyewe. Mi sitabeba ile maneno."

Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha papa, plasta ndogo kwenye paji la uso. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayetema mfupa. Nilitaka apige kelele. Nilitaka aite majirani tena, ili nami nipate sababu ya kuanza upya. Hakuita mtu.

"Ulitaka nikufe?"

"Nilitaka uaibike."

"Kwa barabara. Kwa gari isiyo na breki."

"Sikufikiri mpaka huko."

Aliangalia mvua. Nilikuwa sijawahi kuona jinsi nywele zake zilivyopungua nyuma.

"Tangu lini unanichukia hivi, Odette?"

Jambo la ajabu ni kwamba jibu lilikuwa tayari, lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote.

"Tangu papa alipokuwa anakuita. Kila asubuhi anauliza, Faustin amefika? Nilimdanganya kwamba uko njiani mpaka siku aliyokufa."

"Niliogopa kumuona vile."

"Hata mimi niliogopa, yaya. Lakini mi nilikuwa hapa."

Akasimama, akajinyoosha shati, na yule Faustin ninayemjua akarudi usoni kwake kama mtu anayevaa koti.

"Bon. Ile gari hairudi tena humu uani."

"Itarudi."

"Tutaona."

Akaingia ndani. Mlango hakuubamiza, na hilo lilinikera kuliko kama angeubamiza.

Ningependa kuandika kwamba nimetubu. Kwa Mama, ndiyo. Kila nikiiona ile plasta namuona ameshika dashibodi kwa ule mkono, anauliza, kuna nini, kuna nini. Kwa ajili ya Mama nitalia miaka. Lakini kwa Faustin nachimba ndani yangu natafuta huruma na ninachokuta ni hasira tu, imepungua kidogo, bado ina moto. Alituacha. Akarudi akachukua kiti. Akaiita jeep yangu yake. Na mimi nilijua atakuwa ndani ya gari lile, na nikajifunika shuka. Mambo yote mawili ni ya kweli, na moja halilifuti jingine, hata nikijitahidi vipi.

Je, kama Mama asingepanda, ningejuta? Kama angevunjika yeye tu?

Nimeangalia swali hilo kwa dakika kadhaa. Afadhali niliache bila jibu kuliko kuandika uongo kwenye ukurasa wangu mwenyewe.

Sasa ni saa kumi na moja jioni na mvua imeanza kuchoka. Jeep bado iko mtaroni, barabara ya Bangboka, inanyeshewa. Chumbani kwake Faustin anatembea, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Mama hajaongea nami tangu asubuhi, ila nilimpelekea uji na akaunywa.

Daktari amesema mkono ukaangaliwe tena kesho asubuhi. Faustin ataamka akiwa bado kaka yangu, mimi nitaamka nikiwa bado simpendi, na Mama hawezi kukaa peke yake nyuma ya pikipiki ya kukodi hadi hospitali na mkono ule. Mtu lazima apande nyuma yake amshike. Nitaamka kabla ya Faustin.